Kankina ya Tantine Marselina

Tulipotoka kumzika Tantine Marselina, wengine walikwenda kunawa mikono na kula, mimi nikazunguka nyumba yake ya mtaa wa Mususa kutafuta dirisha. Chumba nilicholala na Kavira mwaka ule wa vita sasa ni kibanda cha salio la simu. Wametoboa ukuta wa mbele, wameweka mlango wa chuma, na kijana aliyekaa ndani aliniuliza nataka mtandao gani. Nikamwambia sitaki mtandao, nataka kuona kama dirisha la kuelekea uani bado lipo. Akanitazama kama vijana wanavyowatazama watu wazima kwenye matanga, akasogeza kiti chake. Lilikuwepo, limezibwa kwa ubao. Nikasimama pale nikalia kuliko nilivyolia makaburini, na sikuona haya. Makaburini tulikuwa tumemzika mama mzee aliyeshiba miaka. Pale dirishani nilikuwa nawalilia wasichana wawili na mama mmoja mwenye nguvu zake, ambao hakuna aliyewawekea matanga.

Kavira hakuweza kuja. Anaishi Kampala miaka mingi sasa, na barabara zetu si za mtu anayemeza vidonge kwa saa. Alinipigia simu asubuhi ya mazishi, na kwa vile ilikuwa asubuhi sauti yake ilikuwa nzima, ya juu, ile ile. Tulipoongea tena alasiri ilikuwa imeanza kupitia puani, nikajua amechoka kabla hajasema. Sijui wengine wanawakumbuka vipi watu waliowapenda ujanani. Mimi Kavira namkumbuka kwa saa za siku: yule wa asubuhi na yule wa jioni walikuwa kama watu wawili, na nimewakosa wote.

Tulijuana kwenye depo ya kahawa, Butembo. Depo ilikuwa ua mkubwa wa saruji nyuma ya soko. Wanawake tulikaa chini, miguu tumeinyoosha, ungo mapajani, tukitria kahawa: punje nzuri huku, mbovu kule, mawe pembeni, na zile nyeusi zinazoharibu gunia zima tulizitupa mbali. Kazi ilikuwa ya vidole, mdomo ulikuwa huru, na kama kuna redio iliyoleta habari za vita upesi kuliko depo ile, mimi sijaisikia. Pale ndipo tulipojua kwamba askari wa nchi jirani wameshika uwanja wa ndege wa Mavivi, kamanda yupi amegombana na yupi, na binti wa nani ameonekana kwenye gari la nani. Kavira alikaa karibu nami akiimba chini chini. Siku moja akaniambia kwamba kitanda chake, kwa shangazi yake Mususa, ni kipana mno kwa mtu mmoja mwenye baridi. Butembo ina baridi ya kweli, mtu wa Beni ukimwambia anadhani unamtania. Nikahamia kwao na blanketi langu na sufuria moja.

Shangazi huyo ndiye Tantine Marselina. Alikuwa mjane, mnene, mwenye hatua za haraka, na biashara yake ilikuwa kankina, ule mti ambao kwa maganda yake hutengenezwa kinini, dawa ya malaria. Aliyanunua maganda kwa wakulima wa milimani, akayaanika uani juu ya magunia, kisha akawauzia wafanyabiashara wa mjini. Nyumba yote ilinuka kankina, na nguo zetu pia. Mvua ikitishia, kila aliyekuwepo alikimbia kuyaingiza maganda ndani, na asiyekimbia aliyasikia ya kwake mpaka siku ya pili. Vipande vilivyovunjika havikuwa na mnunuzi, kwa hiyo alivichemsha, na kila mangaribi, jua likizama, yeyote wa nyumbani aliyeonekana kukonda, au kulalamika baridi, au kukaa kimya kupita kawaida, alipelekewa kikombe. Vita vilikuwa vimeziba njia za dawa, na milima yetu ilikunywa kankina kama wengine wanavyokunywa chai. Hakuna aliyeiita dawa. Dawa ilitoka kwa munganga wa zahanati, kwenye chupa au kwenye karatasi. Kankina ilitoka jikoni, pamoja na maharagi.

Kavira ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo katika korali ya parokia. Sitajaribu kuieleza sauti yake, nitasema tu kwamba wanaume waliozoea kusimama nje ya kanisa wakipiga soga waliingia ndani akianza. Basi Jumapili moja wimbo wa kuingia aliuimba kama kawaida. Kwenye komunyo sauti ikaanza kutokea puani. Wimbo wa mwisho hakuumaliza: midomo ilikuwa ikicheza na hakuna kilichotoka. Tulidhani ni mafua. Baadaye zikaja kope. Asubuhi zilikuwa juu, kufika adhuhuri zimeshuka nusu, na jioni alikuwa anainua kidevu ili aweze kuniona, na bado akaniambia ananiona wawili. Mezani sombe, yale majani ya muhogo, ilipita, viazi vilipita. Lakini siku ya sikukuu ilipikwa nyama ya mbuzi, na nilimwona akitafuna, akipumzika huku ameshika taya kwa kiganja, akitafuna tena, kisha akaitoa nyama na kuificha mkononi ili Tantine asione.

Watu hawakosi la kusema. Kule depo, kope zile zilionekana ni dharau: Kavira sasa anatuangalia kwa nusu jicho. Wengine walisema ana mimba, wengine kwamba yule aliyepewa nafasi yake kwenye korali amemfunga sauti kwa dawa za kienyeji. Na kwa kuwa asubuhi alikuwa mzima kabisa, kila aliyemwona asubuhi aliapa kwamba jioni anajifanya. Hilo ndilo lililomuumiza Kavira kuliko yote. Alianza kunikumbusha, kila tukiamka, kwamba nimtazame vizuri, nimshuhudie, asije akawa kweli anajifanya bila kujua.

Tantine Marselina hakuamini hata neno moja la depo. Kwake mambo yalikuwa wazi: nguvu za mtoto zimepungua, na nguvu zinarudishwa kwa kankina. Kila mangaribi alileta kikombe cha bati chenye kifuniko, akasimama mlangoni mpaka kiishe, akaondoka nacho. Kavira alivyozidi kulegea ndivyo kikombe kilivyozidi kuwa kizito. Aliacha kuchemsha vipande vilivyovunjika, akaanza kumchagulia maganda mazuri, yale ya kuuza. Nimefikiria sana juu ya maganda yale mazuri. Ukitaka kujua jinsi mama yule alivyompenda mtoto wa kaka yake, mtazame akiinama juu ya magunia, akigeuza maganda, akimtafutia yaliyo machungu zaidi.

Siku maji ya kunywa yaliporudi kupitia puani na Kavira akapaliwa mpaka akabadilika rangi, Tantine alimwita jirani yetu Papa Ramazani. Alikuwa Mwislamu wa familia ya wasafirishaji, na lori lake lilikuwa likipeleka sabuni na chumvi Beni. Mtu mwema, mtu wa sala, lakini kinywa chake hakikuwa na kufuli. Alikuwa amesikia kwamba Beni kuna daktari kijana aliyerudi kutoka masomoni na anayesikiliza mgonjwa mpaka mwisho. Tantine asingeweza kuacha maganda msimu ule wa mvua. Alitufungia chakula, akamshika Kavira mashavu kwa mikono miwili, akasema kwa Kinande maneno ya kumwombea njia. Kwenye kizuizi kimoja askari alimwangalia Kavira usoni, akadhani amelewa, akacheka. Papa Ramazani akashuka, akamweleza askari yule ugonjwa wote tangu mwanzo, na mimi nafikiri alitufungulia ili apumzike.

Daktari alikuwa kweli kijana, na koti lake lilikuwa limefuliwa mpaka likawa jepesi. Alimwambia Kavira atazame dari asipepese. Tukaona kope zikishuka taratibu, ya kushoto kwanza. Akamwambia ahesabu kwa sauti, na namba zikaanza kupitia puani, kisha zikafifia. Hapo akamtuma nesi kwenye friji ya chanjo alete barafu, akaifunga kwa kitambaa, akaiweka juu ya jicho lililofumba, na huku tukisubiri akatuuliza tunafanya kazi gani. Tukamwambia tunatria kahawa. Alipoondoa kitambaa, jicho la Kavira lilikuwa wazi. Lilikuwa la asubuhi, na ilikuwa mchana. Nililia palepale, na daktari naye alikuwa na uso wa mtu aliyekutana na mwenzake wa shule: alisema ugonjwa huo ameusoma kitabuni na hajawahi kuuona. Unaitwa miasteni. Kipimo cha damu cha kuuthibitisha hakikuwepo katika nchi nzima ile ya vita, alisema, kwa hiyo barafu ndiyo maabara yake, na vidonge vitakuwa maabara ya pili.

Kavira alitaka kujua ni nini kimeingia mwilini mwake. Daktari akasema hakuna kilichoingia.

“Mwili iko na depo yake ya kutria,” alisema. “Balinzi ba mwili banazaliwa bengi, donc banapita kwanza pale. Mulinzi mwenye anauma bantu ba nyumba, banamutupa. Mwenye anajua kuvumilia ba nyumba, njo banamuacha apite. Kwako, zile punje mubaya zimepita, zikaingia mu gunia. Sasa zinapiga pale mushipa inaongea na nyama.”

“Nani alizipitisha?”

“Hakuna mutu anajua. Si uchawi, si kosa yako. Ni mwili inakosea ba kwake.”

Akatuonyesha kifua chake, nyuma ya mfupa wa katikati, mahali ilipo tezi ambamo kutria huko kunafanyika tangu utotoni. Alisema kwa wagonjwa wengine tezi hiyo hukaa kubwa na kuvuruga kazi, na kwamba Kampala kuna wanaoweza kuitoa, lakini kwanza mgonjwa apate nguvu. Akampa Kavira kidonge kimoja cha kufanya mishipa isikike tena kwa nyama, na kabla mchana haujaisha Kavira alikula ugali wa fufu mbele yetu bila kushika taya. Akaeleza pia vidonge vya pili vya kuwatuliza walinzi wale wakorofi: vitamjaza uso na kumtia njaa, na asiviache ghafla. Mwisho akauliza ni dawa gani nyingine Kavira anakunywa. Kavira akasema hakuna. Nami nikasema hakuna, na tulikuwa tunasema kweli kama tulivyoijua.

Papa Ramazani, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo kama ndugu wa mgonjwa, akaona ni vizuri kuchangia. Alisema kwa kicheko kwamba watoto hawa wangewezaje kukosa nguvu, na wanaishi kwenye kankina, wanalala kwenye kankina, na huyu mgonjwa Tantine yake anamnywesha kikombe kizima kila mangaribi. Daktari aliweka kalamu chini. Akauliza tangu lini. Kisha akatueleza kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha, kwamba kinini na kila kinachotoka kwenye mti ule hulegeza zaidi palepale penye ugonjwa, kwamba mtu wa miasteni akiwekewa chupa ya kinini kwa malaria anaweza kushindwa kupumua. Akatupatia kifurushi kidogo cha vidonge vingine vya malaria, vya Wachina, tuviweke kwa ajili ya siku ya homa. Kavira alikuwa anaangalia mikono yake.

Kwenye lori, tukirudi, nilianza kupanga jinsi ya kumweleza Tantine. Kavira akanikatiza. Ilikuwa saa ambayo kidonge kilikuwa bado kinafanya kazi na sauti yake ilikuwa safi.

“Hapana kumuambia,” alisema. “Ile kikombe njo kitu yake ya kunipa. Akijua, hatalala tena mu hii maisha yake.”

Papa Ramazani, kwenye usukani, akaapa kwamba hatasema. Nikamwambia Kavira basi tuseme daktari amekataza vitu vichungu. Akasema Tantine ameuza kankina tangu ujana wake, anajua kinini kinatoka wapi, ataelewa kabla hatujamaliza kusema. Kumwaga hakukuwezekana: chumba kilikuwa na sakafu ya saruji, dirisha moja tu linaloelekea uani alipokaa yeye, na kikombe kilitakiwa kurudi palepale kikiwa kitupu. Nilifikiri mpaka tulipoanza kuona taa za Butembo. Kisha nikamwambia nitakunywa mimi. Kavira alitaka kukataa, lakini sikumpa nafasi. Nilikuwa na afya ya punda, na nilimpenda.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mangaribi Tantine alibisha mlango na kikombe chake. Sasa alikuwa akikiacha mikononi mwa Kavira na kurudi kukaa uani karibu na dirisha, nikadhani ni bahati yetu. Kavira alisema aksanti, mimi nikajificha pembeni ya kabati, nikafumba macho, nikanywa mpaka chini. Ilikuwa chungu ya kukufanya umkumbuke kila mtu uliyemkosea. Nilikuwa nimesikia kwamba kankina nyingi huvumisha masikio, na wiki ya kwanza haijaisha nikaanza kusikia yangu yakivuma. Nikamwambia Kavira. Akanihurumia, akakiweka kichwa changu mapajani pake, akanisugua masikio kwa vidole vyake vya kahawa, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kama kuna saa moja ya maisha yangu ningeweza kurudishiwa, singechagua arusi yangu, singechagua hata kuzaliwa kwa mtoto wangu wa kwanza. Ningechagua ile, na mlango umefungwa, na Tantine akikohoa uani.

Kavira alipata nafuu. Vidonge vilikuja kutoka Kampala kwa wafanyabiashara waliopita Kasindi mpakani, na njia ikifungwa tulivipasua nusu nusu. Uso wake ulijaa, na depo ile ile iliyomsema kwa kope sasa ilimsifu kwa unene. Jioni bado alichoka, lakini alitafuna, alimeza, na Jumapili moja aliimba wimbo wa kuingia peke yake kisha akakaa chini kwa busara, akawaachia wengine zilizobaki. Tantine alikuwa kwenye benchi la mbele. Hakugeuka kututazama.

Kisha ikaja siku ya homa. Asubuhi ile Kavira aliamka anatetemeka. Nilimfunika, nikamwambia nitarudi mapema, nikaenda kazini kwa sababu siku ya kupakia magunia hakuna aliyeruhusiwa kukosa. Hatujakaa vizuri, risasi zikaanza kulia upande wa mlimani, na depo ikafunga geti na sisi ndani. Wanawake walilala kifudifudi kati ya magunia wakisali rozari. Mimi sikusali vizuri. Nilikuwa nafikiria Tantine yuko peke yake na mtoto mwenye homa, na katika Mususa nzima mtu mwenye homa kali alifanyiwa jambo moja tu: aliitwa munganga wa mtaa na chupa yake ya kinini. Na wa kumzuia hakuwepo, kwa sababu nyumbani waliojua ni wawili, mmoja amelala anaungua na mwingine amefungiwa na kahawa. Alasiri walipofungua geti nilikimbia bila kitambaa cha kichwa. Nilikuwa nimekwisha kumwona Kavira amekufa, nimeona mpaka nguo aliyovalishwa.

Uani kulikuwa na majirani. Munganga alikuwa amesimama na chupa yake ya maji na mpira umeshaning’inia, na mlangoni pa chumba chetu alikuwa Tantine Marselina, ameshika mbao za mlango huku na huku, amejaza nafasi yote. Majirani walikuwa wanamlaumu kwa sauti, kwamba atamwacha mtoto afe na malaria, na munganga alikuwa anamwomba kwa heshima, mama, tafadhali mama.

“Kinini haiingie mu hii nyumba,” Tantine alisema. “Mutanipitia miye kwanza.”

Nyuma yake kulikuwa na magunia ya kankina mpaka darini. Walidhani risasi zimemvuruga akili. Mimi nilisimama katikati ya ua, na polepole, kama mtu anayeamshwa, nikaanza kuelewa. Munganga alipoondoka, Tantine alinipisha mlangoni bila kunitazama. Kavira alikuwa amelala ubavu, anapumua kwa shida lakini anapumua, na juu ya kigoda kulikuwa na uji mwepesi, kijiko, na kile kifurushi cha vidonge vya Wachina tulichokificha ndani ya soksi. Kilikuwa kimefunguliwa. Tantine alikuwa amempa asubuhi, na kabla ya uji alikuwa amempa kidonge cha kumwezesha kumeza, kwa mpangilio ule ule wa daktari. Tukakaa naye zamu kwa zamu. Homa ilishuka, ikapanda tena, kisha ikashuka ikabaki chini, na Kavira akaomba kiazi.

Nilimfuata Tantine jikoni. Alikuwa anapuliza moto.

“Ulijua tangu lini?” nikamuuliza.

“Ramazani aliniambia siku mulirudi, mbele mutoe viatu.”

“Na hukusema.”

“Ninyi mulisema?”

Nikamuuliza basi kile kikombe kilikuwa cha nini. Akanionyesha kwa kidevu kile kichaka cha majani machungu kinachoota kwenye ugo, ambacho watu huwachumia watoto wenye minyoo.

“Niliweka na majani ya chai kidogo, juu rangi ifanane. Nilikuona kwa dirisha siku ya kwanza, ukikunywa nyuma ya kabati. Ulizani nitaleta kankina mangaribi yote, niue na weye?”

Nikamwambia masikio yangu yalivuma. Akanitazama, kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye kuni, akajifuta macho kwa kitenge, akacheka tena, na mimi nikacheka naye kwa sababu sikuwa na la kufanya. Kicheko kilipoisha alibaki amekaa. Akaniambia kwamba jioni ile Papa Ramazani alipomweleza, alikwenda nyuma ya choo akalia mpaka mvua ikalowesha maganda, na hakuyaingiza. Aliomba Mungu tusimweleze.

“Sikutaka batoto banihurumie mu nyumba yangu,” alisema. “Lakini nilitaka kubakia na kumuletea kitu.”

Hatukumwambia Kavira siku ile. Tulimwambia alipopona, na yeye hakucheka wala hakulia, alinyanyuka akaenda akamkumbatia Tantine kwa nyuma, wakasimama hivyo jikoni muda mrefu, na chakula kikaungua. Nilikuja kufikiri, miaka mingi baadaye, juu ya walinzi wa daktari, wale wanaojua kuvumilia wa nyumbani. Sijui sana mambo ya mwili. Najua kwamba katika nyumba ile kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake kwa kumdanganya, na hakuna aliyeumwa.

Njia ya Kasindi ilipotulia, Kavira akapelekwa Kampala kutolewa ile tezi. Ndugu wa korali walimchangia, Papa Ramazani akampakia, na asubuhi ya kuondoka, kwa kuwa ilikuwa asubuhi, aliimba. Aliimba amekaa mbele kwenye lori, mlango wazi, bila kutafuta uzuri, na watu wa Mususa wakatoka na miswaki mdomoni. Tulijua anaenda kutibiwa. Hatukujua anaenda kuishi huko, kuolewa huko, kuzeeka huko, na kwamba mimi nitakuwa namsikia kwa simu, nikipima uchovu wake kwa pua. Nimemkosa kila mwaka tangu ule. Watu wanadhani mtu aliyepona hawezi kukuacha na pengo. Wanakosea.

Mangaribi ile nilikaa peke yangu kwenye kile kitanda kipana. Giza lilikuwa halijaingia sawasawa. Nikamsikia Tantine akiinuka uani, akichuma, akisimama, akikaa tena. Nikatoka. Alikuwa ameshika majani mkononi na kikombe cha bati kiko miguuni pake, kitupu.

“Sasa nitachemushia nani?” akasema.

Nikakaa karibu naye.

“Nichemushie miye, Tantine.”

Akaniangalia kuona kama namtania. Kisha akainuka, akaenda kuwasha moto.